Kabla Hujapanda Boti Dunga, Jua Bei Inatoka Wapi

Mgeni akishuka kwenye tuktuk pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, neno la kwanza analosikia ni "Boti?" Naye hujibu papo hapo, "Pesa ngapi?" Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Hakuna aliyesema boti gani, inaenda wapi, kwa muda gani, na watu ni wangapi. Nahodha hutaja namba kubwa ili kujikinga. Mgeni huikata nusu kwa sababu ameambiwa bei ya Kenya hukatwa nusu. Wakikubaliana, kila mmoja huondoka akiamini ameumizwa. Sisi tunaoshughulika na wageni upande huu wa ziwa tumejifunza kwamba ugomvi wa bei humalizwa na hesabu kuliko ulimi mtamu. Hesabu yenyewe si ngumu, na mgeni yeyote anaweza kuifanya akiwa bado hotelini.

Anza na petroli, maana ndiyo inayokula pesa nyingi. Boti nyingi za mbao zinazotembeza wageni Kisumu zina injini ya nje, aghalabu Yamaha, ya nguvu za farasi 15 au 40. Nyingi bado ni zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Injini ya 15 ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa kama lita sita au saba kwa saa. Ikitembezwa polepole kando ya mafunjo, wageni wakitazama ndege, hunywa karibu nusu ya hapo. Injini ya 40 ikienda mbio na watu wanane ndani inaweza kumaliza lita 16 hadi 20 kwa saa. Bei ya juu kabisa ya petroli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, tarehe 14 ya kila mwezi na huanza kutumika tarehe 15, kila mji na bei yake. Itafute bei ya Kisumu ya mwezi huo kwenye simu kabla ya kwenda ufuoni.

Tuchukue mfano wa shilingi 190 kwa lita. Mzunguko wa saa moja pale Dunga kwa injini ya 15, mwendo wa taratibu, ni kama lita nne: shilingi 760. Oili ya kuchanganyia ni mililita 80, weka shilingi 60. Ndani ya boti mna watu wawili wanaofanya kazi, nahodha na msaidizi anayekaa mbele na kijiti kirefu cha kupimia kina na kusukumia magugu. Wawili hao wakipata shilingi 900 kwa jumla si nyingi, ukikumbuka kwamba kuna siku wanakaa kutwa bila mgeni hata mmoja. Mwenye boti na injini naye anahitaji sehemu yake, kwa sababu injini mpya ni mamia ya maelfu ya shilingi, na mbao za boti huzibwa na kupakwa rangi upya kila mara zinapoanza kuvuja. Mpe 600. Tayari tumefika shilingi 2,320, na bado hatujagusa ada ya ufuo wala majaketi okozi yanayohitaji kununuliwa upya.

Kwa hesabu hiyo, bei ya boti nzima kati ya 2,500 na 3,000 kwa saa ni bei ya haki. Petroli ikipanda, nayo inapanda. Nimesema boti nzima. Boti hula mafuta karibu yale yale ikibeba watu wawili au sita, hivyo bei ya kichwa kwa kichwa inafaa tu pale boti inapojazwa na wageni wasiojuana, kila mmoja akilipa kiti chake. Familia ya watu watano ikiambiwa "elfu mbili kila mtu" kwa saa moja, hiyo ni elfu kumi kwa kazi yenye gharama ya elfu mbili na kitu. Upande wa pili, anayepigana mpaka alipe 1,000 kwa boti nzima ajue kwamba shilingi 760 za hiyo tayari ni petroli. Mia mbili na arobaini haziwezi kulipa oili, watu wawili na boti. Kitu fulani kitaachwa, na mgeni hataambiwa ni kipi.

Kinachoachwa mara nyingi ni mafuta ya akiba. Nahodha aliyebanwa hununua lita tatu tu zinazotosha kwenda na kurudi maji yakiwa shwari. Upepo ukigeuka, boti inayopanda mawimbi huhitaji mafuta zaidi kwa njia ile ile, na injini huanza kukohoa mkiwa mnaona majengo ya mji kwa mbali. Kitu cha pili kinachoachwa ni msaidizi: nahodha anakwenda peke yake, na injini ikizima hakuna wa kushika kasia wakati yeye anavuta kamba ya kuwashia. Cha tatu ni muda. Saa moja inakuwa dakika 40, na mgeni anaonyeshwa viboko kwa mbali kisha boti inageuzwa. Ndiyo maana sishauri mtu yeyote kushangilia kwamba amepata boti kwa bei ya chini kuliko wote. Bei ya haki ina kiwango cha juu na kiwango cha chini, na cha chini ndicho kinachohusu uhai wako.

Saa ya kwenda nayo ina bei yake. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa nne, Ghuba ya Winam, sehemu hii ya ziwa, huwa tulivu, na ndege wa mafunjo huonekana vizuri zaidi. Kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na maji huanza kuchafuka. Jioni, hasa miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, mawingu meusi hukusanyika haraka na radi huja na upepo mkali. Wageni wengi wanataka machweo, kwa hiyo boti za saa kumi na moja jioni huitisha zaidi, na wikendi na sikukuu zaidi tena. Kuongezewa kidogo wakati huo ni kawaida, kwa sababu boti zenyewe ni chache na wageni ni wengi. Lakini ukitaka ndege na picha za wavuvi wakirudi na nyavu, nenda asubuhi. Utalipa kidogo na utapata nahodha asiyeharakishwa na mgeni mwingine anayesubiri.

Kuna jambo la magugu maji ambalo mgeni hulisikia kama kisingizio. Magugu haya yameelea ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980 au mwanzo wa ile ya 1990, na upepo huyasukuma kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Leo njia iko wazi, kesho imezibwa kabisa. Boti ikilazimika kuzunguka, mafuta yanaongezeka kweli. Ikipita katikati, mizizi hujizungusha kwenye propela, na vipande vyake huziba tundu ambalo injini hunyonyea maji ya kujipoza. Mgeni anaweza kuangalia hili mwenyewe: injini ikiwaka, nyuma yake hutoka mkondo mwembamba wa maji, kama uzi. Uzi huo ukikatika, injini inaanza kuchemka. Mwambie nahodha mara moja, wala usione haya. Kuhusu bei, uliza kabla: "Magugu yako wapi leo?" Kama yako mbele ya ufuo, kubali kuongeza thamani ya lita moja au mbili, na mkubaliane ni shilingi ngapi kabla ya kamba kufunguliwa.

Safari za mbali hubadilisha hesabu yote. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986 yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 hivi, hakifikiwi kwa hesabu ya mzunguko wa saa moja. Injini ya 40 ikifanya kazi saa mbili na nusu kwenda na kurudi, kwa mwendo wa wastani wa lita 15 kwa saa, ni lita 37 na nusu. Kwa mfano wetu wa 190, petroli peke yake ni shilingi 7,125. Ongeza oili, watu wawili wa kutwa nzima, na saa ambazo boti inakungoja ukitembea kisiwani. Kwa hiyo mtu akikutajia 12,000 au zaidi kwa boti nzima usiruke. Fanya hesabu kwanza. Na akikutajia 5,000 shtuka zaidi. Ama hajui njia, ama atakuomba nyongeza mkiwa katikati ya maji. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, si kwa nahodha, na KWS hawapokei noti langoni, wanataka malipo ya mtandao. Nahodha akisema bei yake "imejumuisha kila kitu," muulize kama hiyo ada imo, na akuonyeshe ilivyolipwa.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Kisumu watu husalimiana kwanza. Ukimkuta nahodha mwenye umri, msalimie kwa jina la heshima, kisha sema mambo yako yote kwa pumzi moja: "Mzee, habari ya asubuhi. Tuko watu wanne, tunataka boti nzima, saa moja, kuona viboko na ndege kwenye mafunjo, kisha turudi hapa hapa. Na mafuta, na majaketi, na kila kitu, ni pesa ngapi?" Kijana mwenzako utamwita ndugu, au omera kama unaelewa kidogo Kijaluo. Swali lililokamilika hupata jibu lililokamilika. Akitaja bei iliyo juu ya hesabu yako, mwulize bila ukali: "Injini ni ya ngapi? Itakunywa lita ngapi?" Mara nyingi bei hushuka hapo hapo bila kelele, kwa sababu amejua anazungumza na mtu anayejua kazi. Mkikubaliana, rudia mapatano yote kwa sauti mbele ya msaidizi wake na wenzako: pesa, muda, watu, njia. Saa ianze kuhesabiwa boti ikiondoka, si mkiwa mnavaa majaketi.

Wengi wanaokusogelea barabarani kabla hujafika kwenye maji si manahodha. Ni mabroka, na asilimia yao huwekwa juu ya bei yako. Sisemi ni watu wabaya. Wengine wanaijua lugha ya mgeni kuliko nahodha na wanafanya kazi ya kweli. Ila pesa ikipita mkononi mwao kwanza, mwenye boti anaweza kubaki na kiasi kisichonunua mafuta ya kutosha, na wewe ukadhani umelipa vizuri. Dawa yake ni kutembea mpaka ufuoni na kuuliza ofisi ya BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo. Kila ufuo wa uvuvi una kamati hiyo, na Dunga wamezoea wageni. Waulize ni boti zipi zimekaguliwa na nani yuko zamu. Zamu ni kitu kizuri: inazuia manahodha wanne kukuvuta mikono, na inakupa mtu wa kumlalamikia.

Bei ya mgeni wa nje na ya mwenyeji ni jambo linalozua maneno kila siku. KWS hutoza raia na wageni wa nje viwango tofauti, lakini viwango hivyo vimeandikwa na kila mtu anaviona. Boti haina karatasi kama hiyo, kwa hiyo tofauti hutegemea sura ya mtu. Msimamo wangu ni huu: petroli ya mgeni kutoka Ujerumani na ya mgeni kutoka Kakamega inatoka kwenye mtungi mmoja. Mgeni wa nje akitaka nahodha anayeeleza ndege kwa Kiingereza, anayewajua ndege wa mafunjo kwa mlio tu, hiyo ni huduma ya ziada na ina malipo yake. Kumtoza mara tatu kwa safari ile ile, kimya kimya, kunaharibu ufuo mzima, maana jioni atakula samaki na mgeni mwingine na watalinganisha bei.

Miji mingine imelimaliza jambo hili kwa kuandika bei ubaoni. Venice, Italia, bei ya gondola hupangwa na mji: tangu Novemba 2023 ni yuro 90 kwa dakika 30 mchana, na yuro 110 kwa dakika 35 usiku, kwa chombo kizima, watu wasiozidi watano. Anayelipa kwa kichwa pale hakusoma ubao. Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, boti za rangi nyingi nazo zina bei rasmi ya saa moja kwa boti, haijalishi mko wawili au kumi. Ukisafiri popote, tafuta kwanza kama bei ya namna hiyo ipo. Ikiwapo, mazungumzo yanabaki ya muda na njia tu. Isipokuwapo, rudi kwenye mafuta, watu na chombo, kama tulivyofanya hapa. Ningependa kuona ubao kama huo Dunga, Usenge na Mbita, wenye bei ya saa kwa injini ya 15 na ya 40, ukibadilishwa petroli inapobadilika. Ungemlinda nahodha mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kama shida yako ni kuliona ziwa tu bila kukodi chombo, panda feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita. Ina tiketi, bei ni moja kwa kila abiria wa miguu, na kwa karibu saa moja utaona milima ya Gwassi na visiwa bila kupatana na mtu. Kutoka Mbita kuna boti za abiria za kwenda Takawiri na Mfangano, kule kwenye michoro ya kale ya mwambani ya Kwitone na Mawanga. Humo lipa kama wenyeji wanavyolipa: kaa karibu na mama mwenye mizigo, muulize nauli, uwe nayo tayari mkononi. Uliza pia boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Anayeachwa kisiwani hukodi boti nzima peke yake, na bei ya mtu asiye na njia nyingine huwa ya juu sana.

Naivasha, kaunti ya Nakuru, mambo yanafanana ila yana mitego yake. Boti za Karagita na Kamere hukodishwa kwa saa, kwa boti. Boti ya gati la hoteli ni ghali zaidi kwa sababu hoteli huongeza chake. Wengi husahau kwamba Crescent Island ni hifadhi ya watu binafsi yenye kiingilio chake. Boti hukufikisha tu, na saa unazotembea kati ya twiga na pundamilia boti inakungoja, kwa hiyo patana bei ya kungoja peke yake. Halafu kuna samaki wa furukombe. Nahodha hurusha samaki, ndege hushuka kumchukua, nawe unapata picha. Mwishoni unaambiwa samaki watatu hawakuwamo kwenye bei. Uliza kabla, au sema humtaki samaki. Maji ya ziwa hili yamepanda sana miaka hii na kufunika migunga iliyokuwa ukingoni, hivyo chini ya maji kuna visiki. Usimlipe nahodha pesa ya ziada ili akimbie huko, wala ili akusogeze karibu na viboko. Kiboko huzama na kuibukia asipotarajiwa, na nahodha anayekaa mbali nao anakufanyia hisani.

Kabla ya kulipa chochote, kagua vitu vichache ukiwa bado umesimama kwenye mchanga. Jaketi okozi liwe la kila mtu, la mtoto liwe la mtoto. Funga mikanda yote, kisha mtu mwingine alivute juu mabegani: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litakuvuka. Tazama kama kuna makasia mawili, kopo la kuchotea maji, na mtungi wa pili wa mafuta. Mwombe nahodha awashe injini. Ikiwaka baada ya kuvutwa mara kumi na tano ufuoni, itakuwaje katikati ya ghuba? Kitu kimoja kikikosekana, usikigeuze kuwa punguzo la bei. Nenda boti nyingine.

Malipo yenyewe yagawe. Toa nusu mwanzoni, maana nahodha wengi hununua petroli kwa pesa hiyo hiyo, na nusu mkirudi. Lipa kwa nambari ya Till ya kikundi au ya BMU inapokuwapo, ujumbe wa M-Pesa ubaki kwenye simu yako kama risiti. Ukilipa noti, uwe na chenji, kwa sababu "sina chenji" huongeza mia mbili mia tatu bila mtu kukusudia. Ukitaka kuwapa ya chai, wape nahodha na msaidizi mkononi, kila mmoja chake, baada ya nauli kwisha.

Mkirudi na bei ikawa imebadilika, usibishane ukiwa bado ndani ya boti. Shuka, watoe watoto na mizigo, kisha ulipe kile mlichokubaliana. Kama dakika zilizidi kwa ombi lako, zilipie kwa kiwango kile kile cha saa: dakika 20 za boti ya 3,000 ni 1,000. Kama zilizidi kwa sababu injini ilizima, hazikuhusu. Nahodha akikataa, nendeni pamoja mpaka kwa mwenyekiti wa BMU, mrudie mapatano mbele ya yule msaidizi aliyeyasikia mkiwa nchi kavu.